Simameni Mhesabiwe

Mei 9
Muuguzi wa kliniki amenipa daftari hili. Anataka niandike Ivalee analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, maana nilimlalamikia kwamba mtoto hanipi nafasi. Basi: jana alilala jua linazama, akaamka, akaamka, akaamka. Leo mvua.

Mei 10
Mvua. Jino la tatu limechomoza.

Mei 13
Kuandika usingizi wa mtoto kunachosha kuliko kumlaza. Nitaandika mengine. Muuguzi akijua atacheka.

Jana kanisani, baada ya nyimbo, alisimama Bwana Hobart, mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Alisema mafuriko ya mwaka juzi yamewafundisha, na sasa kaunti inataka kila bonde liwe na mtu wake wa kupiga mbiu. Atapewa redio ya hali ya hewa, na maji yakianza kutisha yeye ndiye wa kuwaamsha majirani. "Bonde la Tolliver, nani?"

Bonde letu lina nyumba tatu, na moja ni tupu tangu wenyewe wahamie Ohio. Mama mkwe wangu, Mama Verda, hakuningoja hata nimeze mate.

"Tressa!" akasema. "Tressa ana akili."

Tressa akasimama akiona haya kidogo, haya inayompendeza. Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilisikia ya Coy tu, mume wangu, aliyekaa upande wa wanakikosi.

Mei 14
Nimwandike Tressa nimalize. Walipendana na Coy tangu wakiwa shuleni, miaka mingi kabla sijavuka mlima kuja bonde hili. Kisha wakaachana, hakuna anayeniambia kwa nini. Aliolewa, akafiwa, akarudi kwao. Sebuleni kwa Mama Verda, ambako ndiko sebuleni kwangu pia, ipo picha ya dansi ya shule: Coy kavaa tai, Tressa kavaa gauni la kijani, wote wanacheka. Nilipouliza kwa nini haiondolewi, Mama alisema, "Coy alitoka vizuri pale, mwanangu." Kama vile Tressa ni ua la chombo, lilitokea tu pembeni.

Nyumba yake iko juu, kwenye bega la mlima. Yetu iko chini, kijito kinapita mbele ya mlango. Maji yakija yeye atayatazama dirishani huku akinywa kahawa. Sisi tutayanywa.

Na swali langu ni moja, silisemi kwa mtu: maji yakija, Coy ataanza kwa nani?

Mei 15
Jua. Nepi zimekauka zote.

Mei 26
Leo ilikuwa Jumapili ya kupamba makaburi. Huku kwetu wafu ndio wamepewa mahali pazuri. Wao wako juu kilimani, pakavu, penye upepo, sisi wazima tumejibana huku bondeni kando ya maji. Tulifyeka majani, tukaweka maua, tukatandaza vyakula kwenye meza ndefu. Mimi nilipika maharage na mkate wa mahindi. Tressa alileta keki ya matabaka ya tufaha makavu. Coy alikula vipande viwili, akaniona namtazama, akachukua na mkate wangu. Alikuwa ameshashiba. Niliona anavyoutafuna.

Juni 7
Tressa amempigia Coy simu mara mbili leo. "Mambo ya mvua," anasema Coy. Nje jua linawaka, mbwa wamelala chini ya gari ndimi nje.

Juni 15
Mafunzo yalifanyika leo kule kule makaburini, maana Bwana Hobart amesema ndipo mahali pa kukimbilia. Barabara kuu iko ng'ambo ya kijito, na ukiwa barabarani unauona ule uzio wa makaburi vizuri kabisa.

"Simu zitakufa," akasema. "Madaraja yatakwenda. Wanakikosi watapita barabarani na hawataweza kuwafikia. Kwa hiyo mkifika hapa, simameni kwenye uzio, wote, mmoja mmoja, muonekane. Sisi tunahesabu vichwa. Asiyeonekana ndiye tutakayemtafuta. Tumeelewana?"

"Na mwenye magoti mabovu?" Mama Verda akauliza.

"Asimamishwe, mama."

"Na aliyekwisha kulala humu?" akaonyesha kaburi la baba mkwe.

"Huyo tumeshamhesabu."

Watu walicheka. Tulifanya zoezi. Coy alikwenda barabarani akawa anahesabu kwa mkono. Tressa, kwa kuwa ndiye kiongozi, alisimama wa kwanza, koti la njano la kaunti limemkaa kama limeshonewa yeye. Mimi nilikuwa wa mwisho na mtoto. Coy aliporudi nikamuuliza ulituona? Akasema, "Niliona njano kwanza."

Juni 16
Njano kwanza.

Juni 20
Nimekata shauri. Kama ni kujiandaa, basi hakuna mwanamke bonde hili atakayejiandaa kunishinda. Nimeshona kibebeo cha Ivalee kwa shuka la zamani, mgongoni anakaa imara. Nimefunga mfuko: nepi, maziwa, dawa za presha za Mama, soksi kavu, biskuti, tochi. Jioni nimepanda hadi makaburini na mtoto mgongoni, nimeshuka. Mama Verda kibarazani akasema, "Unafanya mazoezi ya nini, mwanangu, ya kufa?"

Juni 21
Nimepanda tena. Nimepumzika mara moja tu.

Juni 22
Nimepanda. Sikupumzika. Nilimkuta Tressa pale anang'oa magugu kwenye kaburi la mumewe. Akasema, "Mdogo wangu, una mapafu ya farasi." Sijajua kama ni sifa. Niliposhuka nilijua ni sifa, ikaniudhi zaidi.

Julai 3
Mvua siku ya nne. Maharage ya bustani tumeyatia kwenye chupa yote, jiko zima linanuka mvuke. Chupa zimejipanga rafuni kama watoto wa shule.

Julai 9
Mvua.

Julai 10
Mvua. Kijito kimebadilika rangi, kimekuwa kahawa yenye maziwa.

Tumegombana kidogo. Daraja letu ni kitako cha behewa la zamani, baba mkwe alikilaza juu ya kijito kabla Coy hajazaliwa. Kila maji yakipanda, wanaume wa mabonde haya hufanya jambo moja: hukimbia kuvusha magari yao hadi ng'ambo barabarani, ili daraja likienda waweze kufika kazini kesho. Nikamwambia Coy, "Siku ya kweli usivushe gari. Ukivuka utabaki huko."

"Rae, dakika mbili. Naegesha, narudi kwa miguu."

"Na daraja likiondoka katikati ya hizo dakika mbili?"

"Baba alivusha mwaka ule wa mafuriko makubwa, akarudi, akala chakula chake bado cha moto." Mama Verda akaitikia, "Cha moto kabisa."

Jioni Tressa akapita kutuonya kuhusu mvua ya kesho. Akasema maneno yale yale: gari liache. Coy akakuna shingo, akasema, "Labda kweli." Labda kweli! Nikaingia ndani, nikamwogesha mtoto aliyekwisha kuogeshwa.

Julai 17
Jua nusu siku. Ivalee amesema "maa". Mama Verda anadai amemwita yeye.

Julai 24
Mvua. Simu ya Coy inalia. Mvua.

Julai 30
Naandika nikiwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, vitanda vimepangwa mistari chini ya kikapu cha mpira. Muuguzi akitaka kujua: Ivalee amelala usiku mzima, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi ndiye sijalala.

Ilikuwa juzi, asubuhi, tumekaa mezani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote lakini tumeshaizoea, mtu huzoea hata kupigiwa kelele. Simu hazikuwa na mtandao. Coy akachungulia dirishani, akaweka kikombe chini. Akachukua funguo.

"Coy," nikasema.

"Dakika mbili."

"Vusha gari, mwanangu," akasema Mama Verda. "Ukikosa kazi tutakula nini?"

Basi nikapata jibu la swali langu la miezi yote. Maji yalipokuja, Coy hakuanza kwangu, wala hakuanza kwa Tressa. Alianza kwa gari.

Nilisimama mlangoni. Nililiona linavuka, magurudumu yanarusha maji. Nilimwona anashuka ng'ambo, anafunga mlango, anageuka arudi. Kisha mti mzima, na mizizi yake, ukaja umelala juu ya maji, ukagonga behewa, na behewa likainuka upande mmoja polepole, kama mtu anayeamka bila kutaka, likaenda. Coy alikuwa ameshaweka mguu mmoja. Aliruka nyuma. Tukatazamana juu ya maji, yeye kule, mimi huku, na Ivalee kiunoni pangu anampungia baba yake mkono akidhani anakwenda kazini.

Maji yakaingia barazani. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashika mfuko. Mama Verda akasema haendi popote bila viatu vya kanisani. Nikamwambia, "Mama, utakwenda pekupeku au utakwenda na maji." Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa, na nani kama si yule wa koti la njano, amelowa hadi nywele, ameteremka mlima mzima kwa sababu simu hazishiki.

"Mko wote? Coy yuko wapi?"

"Ng'ambo. Kavusha gari."

Tressa akasema neno ambalo sitaliandika kwenye daftari la kliniki. Kisha akainama, akampakia Mama Verda mgongoni kama gunia la viazi, na Mama anapiga kelele, "Nishushe, mtoto wa watu, nitakuvunja!"

Nitasema kweli: nilipanda mlima ule na binti yangu mgongoni na maji yanalia nyuma yetu, na moyoni nilikuwa nasema, hata kuokolewa kwangu lazima awepo yeye.

Tulifika. Njiani tulisikia mngurumo mrefu upande wa bega la mlima, tukadhani radi. Tulijibanza chini ya kibanda cha meza za chakula. Tressa akavua lile koti akamfunika Mama Verda aliyekuwa anatetemeka. Baada ya muda mvua ikapungua, nikamwona Coy kule barabarani, mdogo kama kidole, amesimama anatazama juu.

Nikakimbilia uzioni, nikamwinua Ivalee kwa mikono miwili. Coy akarusha mikono yote hewani. Anaruka kama mwendawazimu. Mama Verda naye akaliacha koti kibandani, akajikokota akashika uzio. Coy akaanza kunyoosha mkono kama kwenye zoezi: mmoja, wawili, watatu. Nikasikia hatua za Tressa nyuma yangu, anakuja kusimama.

Nikageuka. Nikamwambia, "Kaa chini."

"Nini?"

"Kaa chini, Tressa. Mara hii moja tu. Acha anione mimi."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa na matope na uchovu, na haukuwa na hasira, nami ningependa uwe nayo. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaketi nyuma ya jiwe la kaburi la mumewe, magoti kifuani.

Coy alinyoosha mkono tena, akangoja. Akaufikisha mkono kwenye paji la uso, anatazama. Nikadhani ananitazama mimi. Nilijiona mrefu kama mlima. Kisha akakimbia kuelekea daraja la reli, lile refu la huko juu lisilofikiwa na maji, nikajua anazunguka kuja kwetu.

Tukangoja. Biskuti zikaisha. Mchana ukapita, Coy hakuja. Kutoka daraja la reli, kupanda na kushuka, mtu wa miguu yake angekuwa ameshafika na kuchoka kukaa. Nikaanza kuyatazama maji kwa jicho jingine, kila gogo linalopita nalikagua.

Tressa alikuwa anatembeatembea. Ghafla akasimama. "Rae. Akija kwa njia ya mlimani, anapita kwangu."

"Basi?"

"Ule mngurumo haukuwa radi."

Tulitazamana. Akaweka mkono mdomoni. Sikuhitaji anieleze. Mlima umeshuka juu ya nyumba yake, na Coy amefika pale, naye anajua kwamba kwenye uzio palikuwa na vichwa vitatu tu. Asiyeonekana ndiye tutakayemtafuta.

"Nakwenda," akasema Tressa.

"Umembeba Mama, miguu yako inatetemeka. Nakwenda mimi." Nikamfungua Ivalee mgongoni, nikampa. Nikampa Tressa mwanangu. Mtoto akamshika nywele, akaridhika.

Nilikimbia. Yale mazoezi ya wivu, Mungu anisamehe, ndiyo yaliyonipandisha.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaita, "Tressa! Tressa!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yetu, sauti iliyopasuka. Nilisimama nyuma ya mti. Sekunde chache tu, lakini nilisimama, nikaisikiliza, na kila jina lilinichoma mahali pake. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na tope, mbao, kipande cha paa, na mume wangu kapiga magoti katikati anafukua kwa mikono, na juu yake mlima bado unadondosha, mawe madogo madogo yanakuja yakibiringika, kama mlima unakohoa kabla ya kusema tena.

"Coy! Toka hapo! Yupo hai!"

Akageuka. Hakunielewa.

"Yupo makaburini. Amembeba mtoto. Toka, mlima unakuja!"

Alikuja akijikwaa. Tulikuwa tumeshafika kwenye miti pale tope lilipoteremka mara ya pili, si kubwa, lakini lilifunika mahali alipokuwa amepiga magoti. Tuliliangalia. Mikono yake haikuwa na kucha za kutosha.

"Sikumwona," akasema. "Nilihesabu mara mbili. Sikumwona."

Nikamshika kiwiko, tukaondoka.

Makaburini Coy akamuuliza Tressa mwenyewe. "Ulikuwa wapi? Mbona hukusimama?"

Tressa akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Miguu ilikufa ganzi. Nilikaa kidogo."

"Kiongozi mzima!"

"Ndiyo. Nisamehe."

Akabeba kosa langu mgongoni kama alivyombeba mama mkwe wangu.

Agosti 1
Supu ya makopo. Watu wema wameleta nguo, mimi nimepata sweta lenye kulungu.

Agosti 3
Kila mtu humu ukumbini anamsema Tressa. Amepoteza nyumba, maskini, lakini kiongozi anaketije? Bwana Hobart amemwita pembeni. Nilimwona anaitikia tu kwa kichwa. Mama Verda, aliyebebwa, ndiye pekee anayewajibu: "Nyamazeni, nyie mlibebwa na nani?"

Sikula.

Agosti 4
Nimemwambia Coy. Nilikuwa namwosha mikono kwenye beseni, maji ya chumvi, vidole vimevimba kama soseji. Nilianza na vidole, nikamaliza na kweli.

"Hakuketi mwenyewe. Mimi nilimwambia akae. Nilitaka unione mimi peke yangu."

Mikono ikatulia ndani ya maji.

"Ningekufa pale, Rae."

"Najua."

"Kwa ajili ya picha ya shule?"

"Unajua kuhusu picha?"

"Kila ukipita unaigeuza ukutani. Mama anaigeuza tena. Mnadhani mimi kipofu?" Hakucheka. Akatazama beseni. "Unajua nilihesabuje? Sikumhesabu Mama kwanza. Niliwatafuta wewe na mtoto. Nilipowaona ndipo pumzi ilipotoka. Kama nisingewaona, nisingefika kwa Tressa wala kwa mtu yeyote. Ningeingia majini palepale."

Nililia machozi yakaingia kwenye beseni. Chumvi juu ya chumvi.

"Na gari?" nikasema baadaye, maana mimi ni mimi.

"Gari ni ujinga wangu," akasema. "Huo nauchukua."

Kisha akasema, "Lakini Hobart utamwambia wewe. Si mimi."

Agosti 5
Nimemwambia Bwana Hobart, mbele ya watu, wakati wa chakula, maana mbele ya watu ndipo Tressa aliposemwa. Katikati nilipotea, nikaanza upya. Wengine waliacha kula. Mwanamke mmoja akaguna, "Wivu!" kama anataja ugonjwa wa kuambukiza. Bwana Hobart alisema jambo moja tu, kwamba zoezi lijalo mimi ndiye nitakayesimamisha watu kwenye uzio, na yeyote nitakayemkalisha, yeye Hobart ndiye atakayelazimika kumtafuta kwa mikono, na mikono yake bado anaihitaji.

Tressa alikuwa anafuta meza. Hakuja kunikumbatia. Nilishukuru.

Agosti 6
Mvua kidogo. Ukumbi mzima ulinyamaza kuisikiliza.

Agosti 9
Asubuhi Coy alikuwa anakwenda kuonana na watu wa kaunti kuhusu kiwanja cha kujenga huko juu, kule mlima uliposawazishwa. Mama Verda anataka kurudi bondeni, mimi nimesema sirudi. Coy amesema tutakwenda juu. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo isipokuwa mimi.

Alivaa shati la msaada, vifungo vidogo, na vidole vyake bado havikunjiki. Alihangaika na cha kwanza. Tressa, aliyekuwa karibu na Ivalee mkononi, akamwona, akamweka mtoto chini, akanyoosha mkono amsaidie.

Nikasema, "Tressa, acha. Vifungo hivyo ni vyangu."

Nilisema kwa sauti. Vilivyo vyangu sikuwahi kuvidai kwa sauti maisha yangu yote. Tressa akarudisha mkono, akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika kitanda, na Coy kifua wazi akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Vyote saba?" akasema Tressa.

"Vyote."

"Haya, mama. Funga."

Nikavifunga, kuanzia chini, taratibu.